Barua ya Wazi: Serikali Iajiri Mkono Unaoandika Vyeti Vyake

Kwa Mwenyekiti wa Tume ya Utumishi wa Umma,
Mkuu wa Utumishi wa Umma,
na Mpigachapa wa Serikali,
Nairobi.

Waheshimiwa,

MINT: NAFASI YA MWANDISHI WA HATI KWA MKONO SERIKALINI

Nawaandikia juu ya kazi ambayo serikali huinunua kila mwaka ilhali haina jina katika orodha ya ajira, haina daraja la mshahara wala dawati, na kwenye zabuni hutiwa kapu moja na bahasha, biro na wino wa printa. Ni kazi ya kuandika kwa mkono: majina kwenye vyeti vya nishani, kadi za mwaliko na kadi za mezani taifa linapokuwa na mgeni, hati za kuwaaga waliotumikia umma hadi wakastaafu, na mara mojamoja karatasi nzito kuliko hizo ambazo si adabu nizitaje hapa. Nimeifanya kwa miaka mingi katika chumba kilicho juu ya duka la vipuri vya magari karibu na River Road. Huenda mwandiko wangu umetundikwa ukutani kwa baadhi yenu. Hamkujua ni wa nani, na ndivyo inavyopaswa kuwa, kwani mwandishi wa hati hatii sahihi yake kwenye karatasi ya dola. Kinachonifanya niwaandikie hadharani ni jinsi kazi hii inavyotafutwa, inavyosimamiwa na inavyolipwa, kwa sababu katika hayo yote serikali inajipunja yenyewe.

Sherehe ikikaribia, simu huita. Anayepiga si afisa wa itifaki. Ni kijana wa kampuni iliyoshinda zabuni ya hema, viti na maua, na humo ndani ya zabuni, katikati ya vipaza sauti na mazulia, mna mstari mmoja wa "kadi na vyeti". Hunitumia orodha kwa WhatsApp, yaani picha ya karatasi iliyopigwa ikiwa imekunjamana, majina yote kwa herufi kubwa tupu. Karatasi za vyeti huniletea mwenyewe, zikiwa zimekwisha kuchapwa nembo ya taifa, simba wawili na ngao na lile neno Harambee chini yao. Nikizigusa tu kwa kidole najua kama zitaelewana na wino au la. Mara nyingi ni zile za kung'aa, wino hukaa juu bila kuingia na ukipitisha mkono unatapakaa. Bei alishakubaliana na wenye sherehe kabla hajaniuliza mimi. Na kazi yote inatakiwa kesho kutwa.

Malipo nayo yana safari yake. Mimi si mzabuni, ni mtu wa mzabuni. Yeye anaisubiri ofisi iliyompa kazi, mimi namsubiri yeye, na mwaka wa fedha unafungwa tarehe 30 Juni sote tukiwa bado tunasubiri. Sitakaa hapo. Habari ya wazabuni wasiolipwa mnaijua kuliko mimi.

Ninachotaka mkisikie vizuri ni habari ya vyeti vitupu. Kwa kila kazi huletwa karatasi za ziada, kwa kuwa mkono huteleza. Majina yakiisha, hubaki mezani kwangu vyeti kadhaa visivyo na jina, vyenye nembo ya taifa, vingine vikiwa na sahihi iliyochapwa tayari. Tangu nianze kazi hii hakuna aliyewahi kuniuliza vilivyoharibika viko wapi na vilivyobaki ni vingapi. Huwa navikata kwa makasi na kuvichoma juu ya paa, kwa hiari yangu, mlinzi wa jengo akinitazama kwa shaka. Lakini si mimi peke yangu ninayeandika mjini hapa, na hiari ya mtu si utaratibu wa serikali. Karani wa benki hawezi kwenda nyumbani na vitabu vya hundi visivyojazwa. Kifungu cha 9 cha Katiba kinaitaja nembo ile, pamoja na bendera, wimbo na muhuri wa umma, kuwa alama za taifa. Nasi tunaitia kwenye bahasha ya kaki na kuipandisha boda boda hadi River Road.

Sasa majina. Cheti cha nishani, ukiondoa jina, ni karatasi moja kwa watu wote: maneno yaleyale, sheria ileile ya Nishani za Kitaifa ya mwaka 2013, tarehe ileile ya 12 Desemba. Jina ndilo cheti. Orodha inaniambia NGANGA. Je, ni Nganga au ni Ng'ang'a? Mifumo mingi iliyopokea majina yetu ilidondosha zile alama za juu, na mwenye jina, baada ya kupanga foleni na kurudishwa, huchoka akaacha. Kuna majina ya Kimeru yanayoanza kwa M' na kufuatwa na herufi nyingine kubwa. Kuna arap, kuna ole, kuna wa, ambazo wenyewe wengi huziandika kwa herufi ndogo, na orodha ya herufi kubwa tupu haikwambii lolote. Kuna bin na binti. Kuna ndugu wa baba mmoja, huyu Mohamed na yule Muhammad, na wote wawili wako sahihi. Printa haiulizi, inatoa ulichoingiza. Anayeandika kwa mkono analazimika kuuliza, maana kila herufi ni lazima aiamue kabla nibu, ile ncha ya kalamu, haijagusa karatasi.

Wakati mmoja nilikuwa na cheti cha mzee aliyetunukiwa kwa kazi aliyoifanya kijijini kwake maisha yake yote, na jina lake kwenye orodha lingeweza kusomwa kwa namna mbili. Nikaomba nambari ya mtu wa kwao. Binti yake akapokea. "Dada," akaniambia, "kitambulisho waliandika hivyo tangu zamani, baba akachoka kubishana nao. Lakini yeye mwenyewe akiandika huweka alama mbili." Nikaweka alama mbili. Yule kijana wa zabuni alinilaumu kwa kuchelewesha kazi, na kwa mujibu wa mkataba wake alikuwa na haki: kuhakikisha majina haikuwa kazi ya mtu yeyote. Haikuwa yake, haikuwa yangu, na aliyeipiga chapa orodha alikuwa amekwisha kuhamia orodha nyingine.

Najua katika kikao chenu atakuwapo atakayesema kompyuta ina fonti nzuri kuliko mkono wa mtu. Nimweleze kidogo mkono unafanya nini. Mwandiko ninaoutumia kwenye vyeti ni italiki. Nibu yake ni pana, hushikwa kwa mshazari wa nyuzi 45 hivi, na mshazari huo haubadiliki tangu herufi ya kwanza hadi ya mwisho. Mstari unaoshuka hutoka mnene, unaopanda hutoka mwembamba, bila mtu kukandamiza. Kwanza jina huandikwa kwenye karatasi taka likapimwa kwa rula, ijulikane litaanzia wapi ili likae katikati. Jina la sehemu nne, na yako mengi Pwani na Kaskazini Mashariki, halipunguzwi ukubwa. Hubanwa nafasi kati ya herufi, ili mwenye jina refu asionekane mdogo kuliko mwenye jina fupi aliyeketi kando yake. Mistari ya kuongoza huchorwa kwa penseli ngumu isiyoacha kovu. Nibu huonjeshwa wino kwenye kipande cha karatasi ileile, si nyingine. Kisha unaandika, na ukishaanza jina hupokei simu ya mtu, hata akiwa waziri.

Hali ya hewa nayo ina usemi wake. Mvua za Aprili zikishika Nairobi karatasi hunyonya unyevu na wino hutambaa pembeni mwa herufi. Januari na Februari hukauka kwenye nibu kabla hujafika mwisho wa jina, ukawa unachovya kila baada ya herufi mbili tatu. Cheti kimoja huchukua robo saa hivi ukijumlisha kukauka na kufuta penseli. Ukurasa mzima wa hati huchukua siku. Ukikosea kwenye karatasi nene ya pamba, unasubiri wino ukauke kabisa, unakwangua kwa wembe mpya kidogokidogo, unasugua mahali pale kwa mgongo wa kijiko hadi nyuzi zilale, unaandika tena. Ile karatasi ya kung'aa haikwanguliki. Hiyo ni ya kutupa, na ndiyo sababu vyeti vitupu huletwa vingi.

Kukosea kwenyewe si aibu, mradi pawe na mtu wa kuandika kwamba palikosewa. Jacob Shallus, karani msaidizi wa bunge la jimbo la Pennsylvania, ndiye aliyeiandika Katiba ya Marekani kwa mkono mwaka 1787, kwa malipo ya dola 30. Aliruka maneno akayachomeka juu ya mistari, na mahali pamoja aliandika juu ya sehemu iliyokwanguliwa. Mwishoni mwa hati, karibu na sahihi za wajumbe, mambo hayo yameorodheshwa waziwazi: mstari wa ngapi, ukurasa upi, neno gani. Anayeisoma leo anajua masahihisho yale yalikuwapo kabla ya sahihi. Hicho ndicho kinachomtofautisha mwandishi wa serikali na mtu mwenye mwandiko mzuri tu. Wa serikali ana daftari, na ana anayemjibu.

Kuna na suala la kudumu. Wino wa printa ya leza ni unga unaoyeyushwa kwa joto ukagandamana juu ya karatasi. Ukunje, kwenye mkunjo unabanduka. Uutie ndani ya jalada la plastiki laini, kama tunavyopenda kufanya na vyeti vyetu, na baada ya miaka herufi huanza kuhamia kwenye plastiki. Wapo wastaafu wanaofungua majalada yao na kukuta nusu ya sifa zao zimebaki upande wa pili. Wino mweusi wa kaboni, ule wa masizi, huingia ndani ya nyuzi za karatasi na haufifii kwa jua. Chupa moja huandika vyeti hadi ukachoka wewe kabla yake. Nibu nzuri haifiki shilingi elfu moja. Ukiniuliza gharama ya kazi hii iko wapi, nitakwambia iko kwenye karatasi na kwenye miaka ya kufundisha mkono. Vilivyobaki ni vya duka la vifaa vya shule.

Nchi nyingine zimefanyaje? Tokyo, tarehe 1 Aprili 2019, Yoshihide Suga, aliyekuwa Katibu Mkuu wa Baraza la Mawaziri, aliinua mbele ya kamera ubao wenye jina la enzi mpya, Reiwa, limeandikwa kwa brashi. Aliyeliandika alikuwa mtumishi wa Ofisi ya Baraza la Mawaziri ambaye kazi yake ya kawaida ni kuandika hati za uteuzi wa maafisa. Mwaka 1989 enzi ya Heisei ilipotangazwa mambo yalikwenda vivyo hivyo: mtumishi wa ofisi ya Waziri Mkuu ndiye aliyeshika brashi. Japani haina upungufu wa printa. Ila siku ile hakuna aliyehitaji kumpigia simu mwenye zabuni ya viti.

Ikulu ya Marekani nayo ina ofisi ya waandishi wa hati, yupo mkuu wao na wasaidizi, na mialiko, menyu na kadi za mezani hutoka mikononi mwao. Lakini nisiwafiche upande wa pili, kabla hamjaambiwa na mtu mwingine. Mwaka 2013 matumizi ya serikali yao yalipobanwa na ziara za wananchi Ikulu zikasimamishwa, watu walilalamika kwamba mkuu wa ofisi ile analipwa karibu dola 97,000 kwa mwaka. Naona walikuwa na haki kuuliza. Ila waliweza kuuliza kwa sababu mshahara huo ulikuwa umeandikwa mahali, na kila mwenye macho akausoma. Wetu haujaandikwa popote. Umo ndani ya bei ya hema. Mwananchi wa hapa hata akitaka kulalamika hajui aanzie wapi. (Waingereza wao walibishana bungeni mwaka 2016 kama sheria zao ziendelee kuchapwa kwenye ngozi ya ndama. Huko sitaki tufike.)

Isidhaniwe pia kwamba naomba tuige ya wageni. Siyu, kisiwani Pate, ilikuwa na waandishi waliosifika kwa misahafu ya mkono katika karne ya 18 na ya 19. Masultani wa Unguja na maliwali wao wa Mombasa na Lamu waliandikiana kwa mikono ya makatibu waliojua kalamu ya mwanzi vizuri kuliko wengi wetu tunavyoijua biro. Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyezaliwa miaka ya 1850 na kufariki 1945, alichonga milango, akatunga mashairi, na akanakili tenzi kwa khati ambayo ukiiona huwezi kuipita haraka. Nakala zake nyingi ziko London, kwa sababu wasomi wa Kizungu ndio waliomwagiza na kumlipa, nao wakajua pa kuziweka. Hata leo, kwenye sherehe za Maulidi Lamu, pamoja na mbio za punda na za majahazi, hufanyika mashindano ya khati, na Makumbusho ya Taifa yana mkono katika kuyaandaa. Kijana anashinda, anapigiwa makofi, anapewa zawadi, halafu? Hakuna mlango hata mmoja serikalini ambao anaweza kuubisha akisema: huu ndio mkono wangu, nipeni kazi.

Na hapa hapa Nairobi mikono ipo. Kabla mashine za kukata stika hazijaingia, kila kibao cha duka kuanzia Nyamakima hadi Kariobangi kiliandikwa na mtu aliyesimama juu ya ngazi na kopo la rangi. Walioremba matatu za Buruburu na Umoja walijifunza kugawa nafasi na kusawazisha herufi kwenye bati lenye mikunjo, jambo gumu kuliko karatasi yoyote niliyowahi kuandika. Kanuni za Michuki, waziri wa uchukuzi wa wakati huo, zilipoanza kutumika mwaka 2004 zikaleta mstari wa njano na kufuta michoro, baadhi yao waliacha kabisa. Michoro ilirudi baadaye, lakini si wote waliorudi nayo. Nimewafundisha wachache kalamu ya nibu. Mtu aliyewahi kuandika jina la njia kwenye kipaji cha matatu, gari likiwa linasubiriwa na abiria, hatetemeki mbele ya cheti.

Ombi langu ni hili. Kifungu cha 234 cha Katiba kinaipa Tume ya Utumishi wa Umma mamlaka ya kuanzisha ofisi na kuzifuta. Anzisheni dawati dogo la waandishi wa hati, watu watatu, liwe chini ya Mpigachapa wa Serikali pale Haile Selassie Avenue, ambako tayari kuna karatasi, kuna mashine, kuna milango inayofungwa na kuna watu waliozoea kuhesabu nakala. Gazeti rasmi la Serikali hutoka pale kila Ijumaa, na majina ya wanaotunukiwa nishani huchapishwa humo. Kwa nini jina litoke pale, lizunguke mjini mkononi mwa wakala, ndipo lifike kwenye cheti? Wapewe muundo wa utumishi kama mafundi wengine, waanze chini wapande. Wasidaiwe digrii. Wapewe kalamu, karatasi na majina kumi magumu, waandike mbele yenu. Sheria ya mwaka 2014 iliyounda Mamlaka ya Kitaifa ya Sifa za Kitaaluma iliwekwa ili ujuzi, hata ule uliopatikana nje ya darasa, upimwe na kutambuliwa, na sijui fundi anayeistahili kuliko huyu wa juu ya ngazi. Mmoja kati ya watatu hao awe mwanagenzi daima, na akihitimu aingie mwingine, kwa sababu mkono haurithishwi kwa waraka.

Dawati hilo liwe na daftari. Kila cheti kitupu kiingie kwa nambari, kila kilichoandikwa kitoke kwa nambari, kila kilichoharibika kiandikwe na kuteketezwa mbele ya shahidi. Orodha ya majina ifike wiki tatu kabla ya siku yenyewe, nayo iwe imethibitishwa na mwenye jina au mtu wa nyumbani kwake. Hilo la mwisho likishindikana basi mengine yote mnaweza kuyaacha, maana cheti kizuri chenye jina la mtu mwingine hakimfai yeyote.

Wasiandike kila kitu. Hatimiliki za ardhi, leseni, vyeti vya kuzaliwa na kodi vibaki kwenye mtandao. Huduma zaidi ya 5,000 zilizozinduliwa kwenye eCitizen Juni 2023 zimetuondolea foleni nyingi, na atakayependekeza tuzirudishe kwa nibu ananiharibia hoja. Wala mwandiko mzuri si kinga dhidi ya walaghai, kama wengine wanavyodhani. Kinga ni muhuri, nambari na daftari. Ninazozitaja mimi ni karatasi chache ambazo taifa huzitoa kwa jina lake lenyewe: vyeti vya nishani, hati za kutambua mashujaa tarehe 20 Oktoba, na zile hati za utambulisho ambazo mabalozi wetu huzibeba kwenda kumkabidhi mkuu wa nchi nyingine. Kwa Mkataba wa Vienna wa mwaka 1961, balozi huhesabiwa ameanza kazi akishakabidhi hati hiyo, au akishaarifu kuwasili kwake na kukabidhi nakala yake halisi kwa wizara ya huko. Kifungu cha 135 cha Katiba yetu nacho kinataka uamuzi wa Rais uwe kwa maandishi, wenye muhuri na sahihi yake. Karatasi zenye uzito huo ni chache kwa mwaka, watu watatu wanazimudu. Na Nairobi, iliyo makao ya shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, tangu miaka ya 1970 na ya lile la makazi, UN-Habitat, baadaye, ina mabalozi wengi kuliko miji mingi ya Afrika. Watu ambao kazi yao ni kupokea karatasi na kuzipima wanaishi Muthaiga, Runda na Gigiri, na kadi zetu huwafikia.

Na zikiandikwa, ziandikwe kwa Kiswahili pia. Kadi nyingi zilizopita mikononi mwangu zilikuwa za Kiingereza peke yake, ilhali kifungu cha 7 kimekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Hainiongezei kazi. Niseme ukweli wa fundi: Kiswahili ni kitamu kwa nibu. Maneno yake yanaishia kwa irabu, herufi za duara zinajigawa zenyewe kwenye mstari, ukurasa unatoka umejaa sawasawa bila mashimo. Kiingereza chenye konsonanti nne zilizosongamana hukulazimisha kupigana na nafasi usiku kucha.

Sijiombei kazi. Umri wa kustaafu serikalini ni miaka 60, nami niko karibu nao kuliko ninavyopenda, na macho yangu kuanzia saa kumi jioni hayako tayari tena kwa herufi ndogo. Wanaoweza kuketi kwenye dawati hilo nawajua, na wengine nyinyi mtawapata bila mimi mkitangaza nafasi kwa uwazi. Mkitaka kujaribu kabla ya kuanzisha ofisi, chukueni orodha ya nishani za Desemba hii peke yake: itoeni kwenye zabuni ya hema, mwiteni mwandishi mmoja aketi kwa Mpigachapa kwa muda wa kazi hiyo, apewe karatasi ya pamba na simu ya kuulizia majina. Mtaona gharama yake ikiwa peke yake kwenye mstari wake, nanyi ndio mtakaoamua kama ni ghali.

Jambo la mwisho ni la wiki hii. Vyeti vitupu vilivyobaki kwenye kazi yangu ya karibuni viko kwangu, ndani ya droo yenye kufuli. Safari hii sikuvichoma. Tumeni afisa mwenye kitambulisho cha kazi na daftari, aje avihesabu, atie sahihi, aondoke navyo. Asubuhi ni afadhali, kabla ya saa nne, maana baada ya hapo ngazi hujaa wateja wa vipuri na hapapitiki.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwandishi wa vyeti kwa mkono,
River Road, Nairobi.